Mililita Mia Nne

Daktari alitaka mililita mia nne za mkojo kwa siku. Tupime wiki nne, tuandike kwenye daftari, tumletee. Zikifika mia nne, figo inabaki na njia yake inatengenezwa. Zisipofika, figo inatolewa.

Mwanangu alikuwa ameketi kiupandeupande, kama mtu aliyekalia kiti cha watu, kwa sababu mgongoni upande wa kulia walikuwa wamemtoboa na kuingiza mpira mwembamba mpaka ndani ya figo. Mpira ule ulishuka chini ya blauzi ukaishia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kiunoni. Mume wake, mkwe wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, alisimama nyuma. Viti vilikuwa viwili, na kimoja alinipa mimi.

Daktari mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo baya. Moyoni nilimwita Miwani. Siku ile aliivua mara tatu.

"Jiwe liliziba njia," alisema, akichora nyuma ya karatasi. "Mkojo ukawa unatengenezwa lakini hauna pa kupita, ukarudi ukaijaza figo, ikavimba kama puto. Sasa tumeufungulia njia ya pembeni, huu mpira. Tunachotaka kujua ni kama figo yenyewe bado ina uhai au limebaki ganda."

"Si mnaweza kupima damu mkajua?" mkwe wangu aliuliza.

"Damu haisemi ni figo ipi inafanya kazi. Figo ziko mbili, damu ni moja. Ni kama wanawake wawili wanaopika sufuria moja. Mboga ikiwa tamu, utajuaje nani kapika na nani kakaa tu anapepea moto?"

"Hiyo rahisi, daktari," mwanangu alisema. "Anayejisifu sana ndiye hakupika."

Tulicheka wote, hata Miwani. Kisha akaivua miwani.

"Inayombeba sasa ni ya kushoto, na yenyewe si nzima. Ina makovu ya siku nyingi. Kwa hiyo sitaki kuitoa hii ya kulia kwa pupa, tusije tukamwacha na figo moja mbovu. Lakini kama imekufa, sitaki ibaki pia. Figo iliyokufa ikikaa na maji yaliyotuama inaoza. Ikioza, sumu inaingia kwenye damu, na hiyo yenye makovu haitahimili. Tutakuwa tumepoteza zote mbili."

Kulikuwa na picha ya aina nyingine, alisema, ya kuchomwa dawa halafu mashine inaonyesha kila figo inachofanya. Mashine ya pale ilikuwa imeharibika, na ya hospitali nyingine foleni yake ilikuwa ya miezi. Basi tutategemea mfuko. Na siku za mwanzo tusizihesabu, maana figo iliyofunguliwa ghafla humwaga maji ovyo. Tuandike na rangi pia.

"Wewe unaonaje, daktari?" mkwe wangu aliuliza. "Usitufiche."

"Njia ikiziba wiki mbili tatu, mara nyingi figo inarudi. Ikiziba miezi, inarudi kwa sehemu. Hii, kwa jinsi nyama yake ilivyobaki nyembamba, nadhani imeziba zaidi ya mwaka. Mimi nisingeweka matumaini makubwa." Akavaa tena. "Lakini nimewahi kukosea."

Mkwe wangu alitoka pale na lile la matumaini makubwa. Mimi nilitoka na lile la kukosea.

Zaidi ya mwaka. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nahesabu miezi nyuma. Mwanangu ni msusi. Kibanda chake cha kusukia hakina choo, ufunguo wa choo anao muuza simu wa jirani, na huyo kila akiombwa anatoa jicho: "Tena?" Mwanangu akaona bora asinywe maji. Anasimama toka asubuhi mpaka jioni nyuma ya kichwa cha mtu, midomo imekauka. Mgongo ulipoanza kumuuma alikuja kwangu kulalamika, nikamwambia ni huko kusimama. Nikamlaza mkekani nikamsugua kwa mafuta. Akija tena, namsugua tena. Mwaka mzima nilikuwa nasugua kwa nje, jiwe likiwa ndani. Mimi mama yake, niliyemzaa, nilikuwa naukanda ule ugonjwa kwa viganja vyangu na kumwambia, "Umeona? Si unajisikia afadhali?" Naye ananiambia ndiyo, mama, afadhali.

Kwa hiyo iliposemwa nani atapima, sikumpa mtu nafasi.

"Nitapima mimi," nilisema. "Mumeo yuko kazini, na wewe huwezi kuinama."

"Mama naye kapata biashara mpya," mwanangu alimwambia mume wake. "Mafuta yamemchosha."

Nimeuza mafuta ya kula sokoni miaka thelathini na moja, ya kupima kwa kopo. Shule niliishia darasa la nne, lakini vipimo havijawahi kunishinda. Kopo la robo, la nusu, la lita, nilikuwa najua uzito wake nikiwa nimefumba macho. Mafuta yana tabia moja: hayatoki yote kwenye kopo. Ukimimina, kuna yanayobaki yameng'ang'ania ukutani, na hayo ni haki ya mnunuzi. Kwa hiyo ukishamaliza kumimina unachota kidogo tena, unamtilia. Ndiyo nyongeza. Nisingeitia, mteja angehamia meza ya pili, na pia nisingejisikia vizuri. Ilifika mahali sikuwa naifikiria tena. Mkono ulikuwa unaongeza wenyewe, mimi naendelea kuulizia habari za watoto wa mtu.

Wakahamia kwangu, yeye na mume wake na mjukuu wangu wa miaka mitano, aliyeuita ule mfuko mkoba wa mama na kumwambia kila mgeni kwamba haufunguliwi. Asubuhi saa kumi na mbili na jioni saa kumi na mbili nilikuwa nafungua kifuniko cha chini, nauacha mkojo ushuke kwenye jagi la plastiki lenye mistari, naliweka jagi juu ya meza pale dirishani, nachutama mpaka jicho liwe sawa na mstari. Kisha naandika. Jioni najumlisha.

Siku ya kwanza mia saba na ishirini. Ya pili mia sita na tisini. Miwani alisema tusizihesabu, lakini nani ataona mia saba asizihesabu? Nilimwambia jirani. Nilimwambia muuza mkaa. Wanawake wa sokoni walikuja kumjulia hali, nikawafungulia daftari.

"Figo gani hiyo iliyokufa?" mmoja alisema. "Hiyo si figo, hilo bomba la manispaa."

"Bomba la manispaa lingetoa maji hivi tungekuwa tunafua kila siku," mwingine akamjibu.

Mwanangu alicheka mpaka akashika ubavu. Wiki ya kwanza ile alikuwa anakula. Aliomba kioo, akaniambia nimtafutie kitana, akaanza kujisuka mbele ya dirisha, mikono juu, mfuko ukining'inia.

Zikaanza kushuka. Mia tano. Mia nne na hamsini. Mia nne na kumi. Siku ya kumi na moja nilipata mia tatu na themanini na tano.

Nililigeuza jagi. Nikalitikisa. Nikaangalia bandeji mgongoni, nikaikuta imelowa pembeni, kidogo tu, upana wa sarafu. Nikasema, hii nayo imetoka kwenye figo. Na iliyobaki kwenye mpira imetoka kwenye figo. Na iliyong'ang'ania ndani ya mfuko. Hizo zote ni haki yake. Nikaandika mia nne.

Naapa siku ile sikuona kama nimefanya lolote.

Kesho yake mia tatu na sabini. Mia nne mara mbili ingeonekana kama nimekisia, nikaandika mia nne na tano. Keshokutwa bandeji ililowa tena. Wiki ya tatu bandeji ilikuwa kavu kabisa, jagi lilisema mia tatu na arobaini, nikaandika mia nne na kumi na tano. Hapo tayari nilikuwa nafahamu. Nilikuwa naandika haraka, nimeligeuzia jagi mgongo.

Na rangi. Mkojo ulikuwa mweupe, umeng'aa kama maji ya kisima. Kwenye mafuta, yale yanayong'aa ukiyanyanyua juani ndiyo ya daraja la kwanza, yenye uchafu chini ndiyo ya kuepuka. Kila siku kwenye mstari wa rangi niliandika neno moja: safi.

"Leo zimefika?" mwanangu alikuwa anauliza kutoka kitandani.

"Zimefika na zimepita."

"Wewe figo," alikuwa anaiambia, akijigusa ubavu, "ukikaza hivyo hivyo nitakununulia gauni."

Ungefanyaje? Mtu amelala, anazungumza na ubavu wake, na wewe ndiye mwenye kalamu.

Jumapili moja mkwe wangu alikuwa nyumbani. Niliporudi kutoka kuoga nikamkuta amesimama dirishani na jagi mkononi, amelinyanyua kwenye mwanga jinsi wanavyonyanyua chuma kuangalia kama kimenyooka. Aliliweka chini taratibu.

"Mama, hizi za asubuhi ni ngapi?"

"Si umeziona mwenyewe?"

"Naona mia na sitini. Na jana jioni nilichungulia, zilikuwa kama hizo hizo. Lakini daftari linasema mia nne na kumi."

"Umechungulia kwa juu," nilimwambia. "Kipimo hakichunguliwi kwa juu, kinaangaliwa jicho kwa jicho. Halafu umehesabu ya kwenye mpira? Umehesabu ya kwenye bandeji? Mimi nimepima watu mafuta kabla hujajua kushika kijiko, baba."

Alinitazama. Nilikuwa nimejifunga kanga kifuani, maji yananidondoka, mama wa mke wake. Akainamisha macho.

"Samahani, mama."

"Hakuna samahani. Nenda kamwambie mkeo chai tayari."

Akaenda. Nilimsikia chumbani akimwambia, "Mama anasema zinaenda vizuri," na mwanangu akimjibu kwa sauti ya mtu anayetabasamu. Nilivaa, nikamwaga lile jagi chooni.

Wiki ya nne zilikuwa mia tatu. Kuna siku zilikuwa mia mbili na themanini. Daftari halikushuka chini ya mia nne hata siku moja.

Siku ya kurudi kwa Miwani tulivaa vizuri. Mwanangu alikuwa amejisuka nywele za kulala nyuma, akapaka na rangi ya mdomo. Daktari alilipitia daftari kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, akarudi nyuma, akajumlisha pembeni kwa penseli.

"Nani alikuwa anapima?"

"Mimi," nilisema.

"Kila siku, mama?"

"Kila siku, kwa mkono wangu."

"Na rangi ni safi siku zote. Safi vipi?"

"Safi, daktari. Hauna uchafu."

Alivua miwani, akaifuta, nikaona macho yake madogo yenye uchovu, na nilijua kwamba pale ndipo. Ningesema neno moja tu. Ningesema, daktari, mkono wangu una mazoea. Mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, pumzi yake naisikia. Mwanangu alikuwa amekishika kidole changu kidogo chini ya meza, kama alipokuwa mdogo tukivuka barabara.

"Sikutegemea hivi," Miwani alisema. "Kwa picha niliyoiona, sikutegemea. Lakini namba ni hizi. Basi tunaitengeneza."

Mwanangu alilia. Alimkumbatia mume wake, akanikumbatia mimi, rangi ya mdomo ikanibaki begani. Mkwe wangu alimwuliza daktari tu kama ana uhakika, na daktari akasema kwenye kazi yake uhakika ni neno la wagonjwa.

Wakampasua. Jiwe likatolewa, njia ikapanuliwa, tukaonyeshwa lile jiwe kwenye kichupa, dogo, la rangi ya kahawia, na pembe. Baada ya wiki mbili mpira wa mgongoni ukatolewa. Akarudi nyumbani bila mfuko, anatembea wima. Siku tisa.

Siku ya kumi saa sita mchana alikuwa jikoni ananichambulia mchele. Akaniambia anasikia baridi. Jua linawaka, mimi najipepea na kipande cha boksi, yeye anasikia baridi. Nikamwekea kanga mabegani. Nilipogeuka sinia lilikuwa chini, mchele umetapakaa, meno yanagongana kama mtu anayesaga. Nilimshika ubavu wa kulia akapiga kelele ambayo sijamsikia hata siku ya kujifungua.

Hospitali walipotoboa tena pale pale, kilichotoka hakikuwa mkojo. Kilikuwa kizito, cha rangi ya maziwa yaliyoganda, na harufu yake ilimtoa nesi nje. Figo waliitoa siku ile ile. Miwani alikuja kutuambia kwamba ilikuwa ganda tupu, limejaa usaha, na kwamba ilivyoonekana haikuwa imeamka hata kidogo. Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Ile ya kushoto, yenye makovu, ilikuwa imesimama.

"Imesimama maana yake nini?" mkwe wangu aliuliza.

"Haitoi mkojo. Tutamweka kwenye mashine ya kusafisha damu."

"Kwa siku ngapi?"

Miwani aliivua miwani.

Nilimfuata ofisini kwake baada ya wiki moja, mchana, watu wakiwa wamepungua kwenye benchi. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia bandeji iliyolowa mpaka ile iliyokuwa kavu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Kweli zilikuwa ngapi?"

"Wiki ya tatu mia tatu na arobaini. Ya nne mia tatu, na chini."

"Na ule usafi?"

"Ulikuwa kama maji."

"Kama maji," alisema. "Figo inayofanya kazi haitoi maji, mama. Inatoa uchafu. Ndiyo kazi yake."

"Ungejua, ungeitoa?"

"Ningeitoa."

Alisema hivyo tu, bila ukali. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali. Nilikuwa nimekuja na mgongo wangu wote nipigwe.

"Na mimi," aliendelea, akiangalia dirishani, "moyo haukukubali zile namba. Ningeweza kumlaza siku mbili wodini, wakapima manesi. Vitanda vilikuwa vimejaa. Nikasema namba ni namba."

"Na ya kushoto? Itarudi?"

"Ikirudi, itaanza kuonekana ndani ya wiki chache. Mkojo utaongezeka, damu itaanza kusafika yenyewe kati ya mashine na mashine. Tunahesabu mpaka miezi mitatu. Lakini kila wiki inayopita bila mabadiliko inapunguza matumaini."

"Wewe unaonaje?"

"Safari hii usiniulize, mama."

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya mkwe wangu. Alikuwa anaunga dirisha la chuma, cheche zinaruka. Nilisubiri nje ya kizingiti mpaka alipoinua kinyago usoni akaniona.

"Shikamoo, mama. Kuna nini? Amezidiwa?"

"Marahaba. Hajazidiwa. Nimekuja kukuambia jambo."

Nikamwambia. Nilitumia maneno machache kuliko kwa daktari, kwa sababu nilipofika kwenye bandeji kavu alinyanyua mkono.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Baada ya siku ile ya jagi nilinunua jagi langu. Nikawa naamka mapema kabla yako, nafungua mfuko, napima, narudisha kwa faneli. Mia na hamsini. Mia na arobaini. Jioni nasoma daftari lako."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani, mama? Ningesimama mbele ya daktari niseme mama mzazi wa mke wangu anadanganya?"

"Ungeniambia mimi. Faraghani."

"Nilikuambia. Ukanituma chai." Alikuwa hana hasira, alikuwa anaeleza tu, kama anavyomweleza mteja kwa nini mlango haufungi. "Halafu kila jioni ulikuwa unamwambia zimefika, anacheka. Mwaka mzima nilikuwa sijamsikia akicheka vile. Nikasema pengine mama anajua asichojua mtu mwingine. Pengine ya kwenye mpira ni nyingi kweli."

Akashusha kinyago usoni. Nilidhani anaanza kazi, nikarudi nyuma nisipigwe na cheche. Hakuwasha. Alikaa hivyo tu mbele ya lile dirisha, uso ndani ya chuma, mabega yanapanda na kushuka. Sikujua kama mtu anaruhusiwa kumshika mkwe wake bega. Niliondoka.

Tulikubaliana bila kukubaliana kwamba mwanangu asiambiwe.

Sasa tuko wiki ya saba. Mara tatu kwa wiki nampeleka kwenye mashine, anakaa muda wa saa nne kila mara. Chumba kina viti sita vya kuegemea, vimepangwa ukutani, mashine moja kila kiti, na damu ya mtu inazunguka kwenye mipira mbele ya macho yake. Mkojo wake wa siku anaukusanya kwenye chupa, wanapima manesi. Themanini. Tisini. Juzi sitini. Uso umevimba, ngozi imekuwa ya rangi ya majivu, nywele zinakatika akizigusa, yeye msusi. Haniulizi namba. Anamwuliza nesi, na nesi anamwambia ilivyo.

Wiki hii walimleta mgonjwa mpya kiti cha pembeni yake, binti wa miaka kama ishirini, naye njia ya mkojo iliziba. Mpira wake ungali mgongoni, mfuko kiunoni. Amekuja na mama yake, mwanamke mnene mwenye sauti, mkononi ana daftari jipya la karatasi kubwa na jagi limefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Wametuambia tupime," alisema yule mama, akimwambia kila mtu chumbani. "Mia nne kwa siku, la sivyo inatolewa. Sisi jana tulipata mia tatu na ishirini. Sijui nimlishe nini huyu."

"Msikate tamaa," mwanangu alisema. Alijiinua kidogo kwenye kiti, na nikaona kitu ambacho sijakiona tangu apasuliwe, alikuwa na fahari usoni. "Yangu mimi ilikuwa haishuki chini ya mia nne. Hata wiki ya tatu ilikuwa mia nne na kumi na tano. Wiki nne mfululizo, daktari mwenyewe alishangaa. Ilikuwa figo ya nguvu. Ni vijidudu tu viliingia baadaye, ni bahati mbaya, lakini figo yenyewe ilipigana. Muulize mama."

"Eti, bibi?" Yule mama alivuta stuli akaja kukaa mbele yangu, daftari magotini, kalamu tayari. "Wewe ndiye uliyempima? Mlifanyaje zikafika huko? Niambie, dada yangu. Nifanyeje?"

Mwanangu alikuwa ananitazama, anasubiri nimsimulie. Ilikuwa hadithi yake pekee iliyobaki nzuri. Mashine ilikuwa inazungusha, tiki, tiki. Nilitazama daftari la yule mama. Lilikuwa na mstari mmoja tu, 320, na pembeni ameandika rangi: nyeupe, nzuri.

"Andika unachokiona," nilimwambia. "Andika hicho hicho. Usihesabu ya kwenye mpira wala ya kwenye bandeji. Na ikiwa kama maji, mwambie daktari ni kama maji. Si nzuri."

"Hata zisipofika?"

"Hata zisipofika. Hasa zisipofika. Usimwongezee mtoto wako hata tone, dada, nakuomba."

Sauti yangu ilikuwa imepanda. Nesi aligeuka. Yule mama alibaki ameshika kalamu, ananitazama mimi, anamtazama mwanangu, hajui aandike nini.

Mwanangu aliegemeza tena kichwa kwenye kiti. Kisha, polepole, kama mtu anayejumlisha kichwani, aliuliza, "Kwa nini unamwambia hivyo, mama?"

Niliangalia saa ukutani. Mashine yake ilikuwa na saa mbili na dakika kumi mbele. Amefungwa mipira miwili mkononi, hawezi kuinuka aende, hawezi hata kunigeuzia mgongo.

"Mama," alisema. "Zilikuwa ngapi?"

Nikamwambia.